Kundi la Kusubiri

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wa kike, alimpa jina langu. Kwa hiyo nyumbani hakuna aliyemwita mtoto kwa jina lenyewe. Tulimwita Somo, nami nikatembea nimevimba kichwa kama mtu aliyepandishwa cheo. Miaka miwili ya kwanza alikuwa mtoto kama watoto wengine. Mwaka wa tatu tukaanza kutazamana. Ukimwita, hageuki. Maneno machache aliyokuwa nayo yakampotea moja moja, likabaki neno "bado", ambalo alilitumia kwa njaa, kwa hasira na kwa usingizi. Baba yake akasema kwao hakuna mambo kama haya, akafungasha mabegi mawili, akarudi huko kwao ambako hakuna mambo kama haya.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Anafanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, na mteja akiingia anapaswa kuinua mguu kuruka vipande vya kitambaa. Kila siku saa kumi alasiri alikuwa anasimamisha cherehani hata kama nguo ya mtu imebaki mkono mmoja, anakaa sakafuni na mwanawe, anamwaga bati zima la vifungo. Vyeupe huku, vyeusi kule, vya dhahabu mbele ya goti. Yeye anataja rangi, Somo anapanga. Saa nzima mtoto anakuwa ametulia kama maji mtungini, na siku nyingine midomo yake inacheza, kana kwamba rangi inataka kutoka. Hakuna aliyemfundisha mdogo wangu jambo hilo. Aliona mtoto katulia, akaendelea.

Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa familia. Nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi. Ukisikia kitengo utadhani ni jengo. Ni chumba kimoja kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, dirisha moja, na mwaka ule watoto kumi na wawili. Kulikuwa na kijana wa miaka tisa tuliyemwita Bondia, kwa sababu zilizo wazi kwenye mikono yangu. Kulikuwa na binti asiyesema na mtu isipokuwa ukuta. Somo alijiunga akiwa na miaka saba, na kengele ikilia alikuwa anajiuma kifundo cha mkono mpaka meno yanaacha alama. Kuwafundisha hao nilikuwa na cheti cha kozi ya miezi sita, na uvumilivu, ambao kwa kawaida uliniishia saa tano asubuhi.

Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, anasomea udaktari wa elimu, amebeba sanduku la vibao vya picha: kikombe, choo, mtoto aliyekunja uso, mtoto aliyelala. Watoto wangu hawakumpa siku mbili kabla ya kuchora mambo yao kwenye daftari lake, na kabla ya wiki kuisha shule nzima ilikuwa inamwita Dada Picha.

Nilimpenda, na lazima niseme hivyo, maana ingekuwa rahisi kumfanya shetani. Siku ya kwanza Bondia alimpiga teke la ugoko. Aliinama, akafumba macho, akasema, "Una nguvu, mwanangu. Tutazitafutia kazi." Baadaye, tukinywa chai, aliniambia kwamba kaka yake alikuwa hivi hivi, akakulia chumba cha nyuma, wageni wakija mlango unafungwa kwa nje. "Mwalimu," akasema, "hakuna anayewaamini watoto hawa bila takwimu. Nataka niwape takwimu wasiyoweza kuikataa."

Mpango wake aliueleza kwenye mkutano wa wazazi. Kila mtoto atapata nusu saa peke yake kila siku, kwa miezi minane, akijifunza kuonyesha picha ya anachotaka badala ya kulia au kupiga. Lakini sita tu ndio watakaoanza. Sita wengine watakuwa kundi la kusubiri: watapimwa kila mwezi kama wenzao, ila hawatafundishwa, hadi wenzao wamalize. Baada ya hapo zamu itakuwa yao. Nani aanze, nani asubiri, itaamuliwa kwa kura.

Mdogo wangu hakusikia hata neno moja la hayo. Alikuwa nje, anazunguka uwanja na Somo ambaye alishtushwa na viti vilivyoburutwa. Aliporudi, wazazi wengine walikuwa wanasaini. Fomu ilikuwa na kurasa nne.

"Dada, nisaini?" akaniuliza, kalamu mkononi.

"Saini."

"Hainichukulii mtoto?"

"Inamsaidia. Saini bwana, watu wanangoja."

Akasaini bila kufungua ukurasa wa pili. Nilikusudia kumweleza jioni, na jioni ikapita.

Kura tulipiga wawili, mimi na Dada Picha, katika ofisi ya walimu saa za mapumziko. Vikaratasi kumi na viwili vyenye namba kwenye kifuniko cha boksi la chaki. Somo alikuwa namba tisa. Dada Picha alisukuma kifuniko kwangu. "Chota wewe, ili asije mtu akasema nimependelea." Nikachota kimoja kimoja, na kila nilipofungua nilitafuta tisa. Cha sita kilikuwa namba nne, binti wa ukuta, ambaye baba yake hata mkutanoni hakuja. Tisa ilibaki ndani.

Simu ya Dada Picha ikalia, akatoka barazani. Vikaratasi vilikuwa mbele yangu, sita huku na sita kule. Nilibaki peke yangu dakika nzima. Niliinua tisa, nikaishika, nikaitazama nne. Halafu nikairudisha ilikokuwa. Wakati ule nilijiona mtu mwadilifu. Hadi leo sijui kama ulikuwa uadilifu au niliogopa tu hatua za viatu vyake mlangoni.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri getini na futi yake ya kupimia imening'inia shingoni. Alikuwa ameacha wateja.

"Vipi, Dada? Nasikia kuna wanaochaguliwa. Somo amepata?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, yenye "utafiti" na "zamu". Lakini alikuwa ananitazama kama alivyokuwa ananitazama tukiwa wadogo, nikimwambia giza halina kitu.

"Amepata," nikasema.

"Mungu mkubwa!" Akanikumbatia, akilia na kucheka pamoja. "Nilijua. Nikasema, mama yake mkubwa yuko mle ndani, atakosaje?"

Nilijipa moyo kwamba ni uongo wa kuazima. Miezi minane si mingi, Somo ataingia kundi la pili, na nilichosema kitakuwa kweli, kimechelewa tu. Hata nilipanga jinsi nitakavyosimulia siku moja, wote tukicheka.

Kisha Dada Picha akatoa maelekezo kwa wazazi wote, wa makundi yote mawili: nyumbani wasiwafanyishe watoto mazoezi yoyote ya pembeni, la sivyo haitajulikana kilichowasaidia ni nini. Nilipeleka ujumbe mwenyewe.

"Hata vifungo?" mdogo wangu akauliza.

Hapo ndipo ningeweza kuponya kila kitu. Mtoto hafundishwi lolote shuleni; angalau abaki na bati lake. Lakini kumwambia aendelee kungetaka sababu, na sababu ingenivua nguo.

"Hata vifungo," nikasema. "Yuko kwenye mikono ya wataalamu sasa. Usimchanganye."

Akachukua kiti, akapanda, akaliweka bati juu ya kabati. Wiki mbili Somo alisimama chini ya kabati hilo kila saa kumi, anasema "bado, bado", halafu akaacha kusimama.

Miezi ikaenda. Dada Picha alikuwa anawatoa watoto wake sita mmoja mmoja kwenda chumba cha jirani, na yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu. Mwezi wa tatu Bondia alikuja mezani kwangu na kibao cha mtoto aliyekunja uso, akanigonga nacho begani, kisha akaenda kukaa pembeni mpaka hasira ikaisha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Mwalimu wa sayansi alinikuta, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia Bondia ameomba ruhusa ya kukasirika.

Somo alikuwa anasimama mlangoni pa chumba hicho. Hakujua kura, lakini alijua wenzake wanaenda mahali na yeye haendi. Mwanzoni alisimama tu. Baadaye akaanza kugonga paji la uso kwenye fremu ya mlango, taratibu, kwa kipimo, kama mtu anayebisha hodi. Dada Picha alikuwa anakuja siku ya vipimo, anakaa na saa na daftari, anahesabu: kujiuma mara ngapi, kupiga kichwa mara ngapi. Somo alimpenda. Alikuwa anashika pindo la sketi yake na kunyoosha kiganja wazi, akingoja kibao. Naye anatazama pembeni na kuandika.

Mwezi wa nne nilishindwa. Nilichora kibao changu kwenye kadibodi, kikombe cha maji, nikamwekea Somo kwenye dawati. Dada Picha alikiona siku ya pili. Hakunifokea.

"Mwalimu, naomba nielewe. Ukimpa huyu, siwezi tena kusema kilichomsaidia Bondia ni mafunzo. Miezi yote minne imemwagika. Na anayepoteza si yeye tu. Ni watoto wote wasio na shule, wanaongoja mtu athibitishe jambo hili."

"Anaumia."

"Najua. Nimeandika." Akageuza daftari nione. Zilikuwa alama za vijiti, tano tano, ukurasa mzima. "Bado miezi minne tu. Nakuahidi yeye atakuwa wa kwanza."

Nikachukua kikombe changu cha kadibodi nikakichana mbele yake. Hakuniomba nikichane. Nadhani nilitaka aone ninavyoweza kuaminika.

Kwa mdogo wangu kila Jumapili nilikuwa mgeni wa heshima. Alikuwa ananipa kiti chenye mto na kunisimulia maendeleo. "Jana kanitazama usoni, Dada, hivi, mpaka nikaona haya. Mafunzo yanaingia." Au, "Ile kujigonga, nasikia ni dalili kwamba akili inaamka, siyo?" Nami nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, "Inawezekana, mambo haya yana hatua." Alama kwenye kifundo cha mkono wa Somo zilikuwa zimegeuka kovu gumu, jeusi. Mama yake alikuwa anamshonea vikuku vya kitambaa laini kuzificha, kila kimoja na rangi yake, na alisema akishapona atavifanya taulo za vyombo.

Miezi minane ikatimia. Dada Picha alikuja akiwa amekonda uso. Msimamizi wake chuoni alikuwa amesema matokeo yanatosha, na muda wake wa kukaa shuleni ulikuwa umekwisha. Kwa kundi la pili alikuwa amepata wiki mbili.

"Wiki mbili?" nikasema. "Wenzao miezi minane!"

"Nimelia, Mwalimu. Nimeandika barua tatu. Wamesema kuwahudumia kundi la pili si sehemu ya utafiti, ni hisani."

Alitimiza sehemu moja ya ahadi: Somo alikuwa wa kwanza. Nilichungulia. Siku sita alivitupa vibao. Siku ya saba alikigusa kibao cha kikombe. Siku ya tisa alikiinua, akakiweka kwenye kiganja cha Dada Picha, akapewa maji, akanywa, akakiinua tena. Alikunywa maji mara kumi na moja. Siku ya kumi Dada Picha akafunga sanduku, maana vibao vilikuwa mali ya chuo, akamkumbatia kila mtoto, akaondoka. Jumatatu Somo alikwenda kwenye kile chumba, akakikuta kimejaa viti vya mkutano, akalala chini kwenye mlango, na ilibidi mimi na mwalimu wa sayansi tumbebe.

Nilivichora vibao vingine. Lakini watoto kumi na wawili mara nusu saa ni saa sita, na siku yangu ya kufundisha ni saa tano. Nilijaribu kuwapa dakika kumi kumi. Somo alivisukuma vyangu. Havikuwa vile.

Matokeo yalitangazwa miezi mitatu baadaye, kwenye ukumbi wa chuo, na wazazi walialikwa. Mdogo wangu alijishonea gauni jipya, Somo akamwachia jirani. Tulikaa safu ya tatu. Kulikuwa na maprofesa na watu wa wizara, na pazia jeupe ukutani. Dada Picha, aliyevaa suti na sauti isiyo yake, akaonyesha mchoro wenye mistari miwili. Mmoja wa kijani ulipanda kama ngazi. Mwingine wa kijivu ulilala chini, na mwishoni ukainama kidogo.

"Kundi la kusubiri," akasema, "halikupata mafunzo yoyote kwa miezi minane. Kama mnavyoona, hali yao haikubadilika. Na kwa baadhi ilizorota. Tofauti hii ndiyo uthibitisho wetu."

Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu naye akapiga. Kisha akaniinamia. "Hao maskini walikuwa akina nani?"

Nikaendelea kupiga makofi. Ulipofika muda wa maswali akasimama, mwanamke pekee wa safu zetu aliyethubutu.

"Mimi ni mzazi. Nataka kushukuru. Na ningependa kujua, mwanangu yuko wapi kwenye ule mstari wa kijani? Yule wa vikuku."

Dada Picha alimtambua. "Mama, kwa utaratibu haturuhusiwi kutaja mtoto mmoja mmoja."

"Mimi ni mama yake, si mtu baki. Niambie tu, juu au katikati?"

Ukumbi ukacheka, kicheko cha huruma. Dada Picha hakucheka. Macho yake yalinitafuta mimi, yakatua, yakaniuliza: hukumwambia? Mdogo wangu aliyafuata macho yale mpaka usoni kwangu. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa, na hilo lilimtosha. Akakaa polepole. Kikao kilipoisha alitangulia kutoka.

Nje, kwenye ngazi, maprofesa wakitupita na vikombe vya chai, aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile ya kura."

"Siku ile uliponikuta getini?"

"Ndiyo."

"Ukaniambia amepata."

"Nilitaka kukupunguzia..."

"Usinipunguzie kitu!" Watu wakageuka. Akashusha sauti. "Ungeniambia hakupata, ningelia siku moja. Kesho yake ningekaa chini na mwanangu kama kawaida. Alikuwa na mimi saa kumi, Dada. Alikuwa na saa moja yake duniani. Nikaipandisha juu ya kabati kwa mikono yangu kwa sababu wewe, msomi, ulisema nitamchanganya."

"Nisamehe."

"Miezi minane napiga magoti kushukuru, mtoto anagonga mlango. Na wewe unamwona! Unarudi kwangu Jumapili, unakaa kwenye mto wangu."

Dada Picha alitoka akaja mbio kwetu, machozi yanambubujika, akaanza kusema kuhusu ukurasa wa tatu wa fomu, ulioeleza kundi la kusubiri. Mdogo wangu alimtazama bila chuki. "Wewe huna kosa kubwa, binti," akamwambia. "Wewe ulikuwa unahesabu. Huyu ndiye alikuwa anaona." Akateremka ngazi peke yake.

Jioni ile ile alilishusha bati. Jirani ndiye aliyenisimulia. Alilimwaga, akaanza kutaja rangi, na Somo akakaa nyuma ya mlango akijiziba masikio. Akajaribu kesho yake, na wiki nzima, na mwezi. Mtoto hakurudi kwenye vifungo.

Alimtoa shuleni. Alipoleta fomu ya kuhama, palikuwa na nafasi ya sababu, na mwalimu wa darasa ndiye wa kuijaza. "Andika ukweli," akasema. Mwalimu Mkuu alisimama nyuma yangu, akaniambia fomu zinakwenda wizarani na shule imesifiwa juzi tu. Niliandika "familia imehama makazi". Mdogo wangu aliisoma ikiwa juu chini kutoka upande wake wa meza, akachukua nakala yake, akaikunja mara nne.

Mwaka uliofuata nilitumiwa kitabu cha utafiti kwa posta, kimejaladiwa vizuri, herufi za dhahabu. Kwenye ukurasa wa shukrani Dada Picha aliandika kwamba bila uadilifu wa mwalimu wa darasa kazi ile isingewezekana. Hakuwa na nia ya kunisimanga. Mapendekezo yalikuwa saba, na yote yalikuwa ya kweli: walimu wawili kwa kila chumba, vibao, nusu saa kwa kila mtoto. Wizara iliyapokea kwa mikono miwili na mpaka leo iko nayo. Bondia alirudia ngumi kabla ya muhula kuisha. Si kosa lake. Alikuwa ananigonga begani na kibao, mimi nimemshika mwingine, anangoja, anagonga tena, halafu anatumia njia ambayo mtu hawezi kutoisikia.

Mama yetu alipopooza, ilibidi tukutane. Tuligawana siku, lakini kumwogesha kulitaka watu wawili, kwa hiyo Jumamosi tulikuwa pamoja. Mdogo wangu alikuwa ananisalimia kwa adabu zote, ananiuliza habari za kazi, ananiita Mwalimu. Somo, miaka kumi na moja sasa, urefu unanifika begani, alikuwa anakaa varandani na kiti chake kimegeukia ukuta. Nikimsogelea, mama yake hanikatazi. Anaacha tu anachokifanya, anasimama, anatazama mpaka nirudi.

Jumamosi moja, beseni la maji likiwa kati yetu, nilipiga moyo konde.

"Miaka mitatu," nikasema. "Hutanisamehe?"

Alikuwa anakamua kitambaa. Alikikamua hadi tone la mwisho.

"Nilishakusamehe," akasema. "Mwaka jana, sijui mwaka juzi. Nilichoka kukuchukia, nina kazi nyingi. Kukuamini ndiko siwezi. Nikikuona na mwanangu, hata ukimsalimia tu, najiuliza unanificha nini."

"Sikufichi kitu."

"Ndivyo ungesema."

Mama aliguna kitandani, maji yalikuwa yanapoa. Mdogo wangu akaweka mkono mmoja chini ya bega lake.

"Shika upande wa kule, Mwalimu," akasema. "Tumgeuze."

Nikashika upande wa kule.